UZI: Kupoli kauri zisizo na risasi kwa vipandikizi vya mfupa, kuanzia kwenye unga hadi kwenye mita ya d33

Kiwira88

Wakuu, kwema? Nyuzi nyingi za kauri za pizoelektriki (zinazotoa umeme zikibanwa) zinaishia kwenye buza na viberiti vya gesi. Naomba huu uwe wa kauri zisizo na risasi (madini ya lead), zile za vipandikizi vya kuchochea mfupa uote. Nikisema kupoli, namaanisha kuipa kauri umeme mkali mpaka ncha zake za umeme ndani zitazame upande mmoja. Bila hivyo ni kigae tu. Kipimo cha kupolika ni d33: chaji inayotoka kwa kila nguvu ya kubana, kwa pC/N (pikokulombi kwa niutoni).

Hali ya vifaa: tanuru linalofika 1400°C, jeki ya mafuta yenye geji, kalibu ya mm 12, chanzo cha umeme wa DC cha kV 5, jiko la umeme na mafuta ya silikoni. Kazi inafanyika Mbeya mjini. Lengo ni vidonge vya kipenyo mm 10 na unene mm 1 kwa majaribio ya maabara, bado hatujafika kwa mtu wala mnyama.

Maswali ni haya. Nyenzo ipi: bariamu titaneti (BT), KNN (potasiamu-sodiamu niobeti) au BCZT (BT yenye kalsiamu na zirkoniamu)? Joto na volti kiasi gani? Na kwa nini cheche huruka ukingoni mwa kidonge kabla hata ya kufika kV 3, wakati vitabu vinasema BT inabeba zaidi ya hapo?

---

Fundi Itende

Mkuu, umeanzia kwenye unga. Anzia mwisho: hicho kidonge kitatakaswaje kabla ya kuguswa na seli au mfupa? Ukishajibu hilo, nusu ya maswali yako imejijibu.

Kauri iliyopoliwa ni kama siagi, joto likiizidi inalegea na kila ulichopanga kinapotea. Kwa BT kikomo hicho, joto la Curie, kipo kati ya 120 na 130°C, kikisogea kidogo kwa uchafu ulio kwenye unga. Mtungi wa mvuke wa hospitali hufanya kazi kwa 121 au 134°C. Ukikitia kidonge cha BT kwenye mzunguko wa 134, kinatoka safi na kimekufa: d33 sifuri. Kwenye 121 watu hubishana, lakini upotevu hauanzi kwenye Curie, unaanza chini yake. Ukishavuka 90 au 100°C bila umeme juu yake, jua umeanza kutoa sadaka.

Kwa hiyo BT inatakaswa kwa gesi ya ethilini oksaidi, ambayo hufanya kazi kati ya 37 na 63°C, au kwa mionzi ya gama, dozi ya kawaida kGy 25. Kama huna njia ya kufikia mojawapo, usipoteze muda na BT. Nenda KNN, ambayo Curie yake ni karibu 420°C, ukubali shida zake nyingine.

---

Mzee wa Uyole

Nakazia kwa Fundi Itende, na niongeze la hapa kwetu. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ina shinikizo la kama kPa 82 tu, dhidi ya 101 za Dar. Hilo linagusa kazi hii mara tatu, na watu hulisahau mara tatu.

Kwanza, cheche. Hewa nyepesi huruhusu cheche mapema. Ile kanuni ya kV 3 kwa kila milimita ni ya usawa wa bahari. Huku punguza karibu asilimia 18. Hilo ni jibu la nusu ya swali la Kiwira88. Nusu nyingine ni ukingo wake, nadhani Mama Kapasita atakuja nalo.

Pili, themokapo (kipimajoto cha waya). Ukiisahihisha kwa maji yanayochemka ukaandika 100, umejidanganya kwa nyuzi sita. Maji huku huchemka karibu 94°C. Kidonge unachodhani umekipoli kwa 90 kilikuwa kwenye 84, na siku utakayodhani uko 110, uko 104 tu. Pointi ya barafu na maji inaaminika popote, isahihishe hapo.

Tatu, mtungi wa mvuke wa zamani wenye geji tu. Ukiuweka paundi 15 kama kitabu kinavyosema, ndani unapata kama 118°C, wala si 121. Vijidudu vyako havijahakikishwa kufa, na kidonge chako cha BT kimeshalegea. Hasara pande zote mbili.

---

Loleza_kijani

Shikamoo mzee. Sasa BCZT vipi? Liu na Ren 2009 walitoa d33 ya 620 pC/N. BT ya kawaida ni kama 190. Mara tatu! Kwa nini tusiende huko moja kwa moja?

---

Mama Kapasita

Loleza, angalia Curie yake: karibu 93°C. Mwilini kwa 37 inaishi, lakini kila kitu unachofanya kabla ya kuingia mwilini kinaikaribia hiyo 93. Gundi ya kukausha kwa 80°C, kulehemu waya, hata kusugua kwa msasa mkavu. Halafu inataka kuivishwa 1450 hadi 1500°C, na tanuru la Kiwira88 linaishia 1400. Jambo limeisha.

BNT-BT nayo (bismuthi-sodiamu titaneti na BT), ile yenye BT asilimia 6: bismuthi inakimbia kwenye tanuru, ncha zake zinataka umeme mkali kuzigeuza, na inalegea karibu 100°C. Kwa kazi hii ya mfupa siioni faida.

Nashauri BT safi. Kwa nini d33 ndogo isikutishe: mfupa wenyewe, tangu Fukada na Yasuda walipoupima mwaka 1957, ni chini ya 1 pC/N. Kidonge cha 120 kinachodumu kinaufaa kuliko cha 600 kilichokufa njiani.

Sasa unga. Kwa gramu 50 za BT: bariamu kaboneti 42.31 g na titani dioksaidi 17.13 g. Jumla 59.44, na ile 9.44 inayozidi ni kaboni dioksaidi itakayotoka tanurini. Ukipima kabla na baada ya kuchoma awali, upungufu ukiwa mdogo kuliko huo, ujue kaboneti haijaisha kuungua. Ni kipimo cha bure, mizani tu.

Kausha unga wote wawili usiku kucha kwa 120°C au zaidi kabla ya kupima, upoze kwenye chombo chenye silika. Unyevu wa asilimia moja kwenye titani unaharibu uwiano, na uwiano ndio roho. Bariamu ikizidi, unapata Ba₂TiO₄, ambayo hunywa unyevu wa hewa na kidonge kinaanza kumomonyoka chenyewe kabatini. Titani ikizidi, kwenye 1320 hivi majimaji yanatokea ndani, chembe zinavimba ovyo na kidonge kinang'ang'ania sahani.

Saga saa 12 hadi 24 kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye mipira ya zirkonia na ethanoli. Maji hapana, yanachomoa bariamu juu ya chembe. Spiriti ya buluu ya dukani nayo hapana, ile rangi na vionjo vyake hubaki. Kausha ukiwa unakoroga, la sivyo bariamu nzito inazama na titani inabaki juu. Choma awali 1100°C saa 4, saga tena, chekecha.

---

Fundi Itende

Kabla hatujasonga: bariamu kaboneti ni sumu ya panya, kweli kabisa. Haiyeyuki kwenye maji lakini tindikali ya tumbo inaiyeyusha, potasiamu ya damu inashuka na misuli inalegea hadi ya kupumulia. Barakoa ya vumbi, glovu, na ugali usiliwe kwenye chumba hicho. Bariamu salfeti wanayokunywesha kwa eksirei ni salama kwa sababu haiyeyuki hata tumboni, usizichanganye hizi mbili.

Maji ya kuoshea vyombo yasiende karoni. Yakusanye kwenye ndoo, tia magnesi salfeti, ile ile ya duka la pembejeo ambayo wakulima wa viazi na chai wananyunyizia. Bariamu iliyoyeyuka inaganda kuwa salfeti na kutulia chini. Kaboneti ngumu yenyewe haibadiliki upesi kwa njia hiyo, kwa hiyo unga uliomwagika fungia kama taka ya sumu.

---

Binti Ruaha

Kamwene kutoka Iringa. Naongezea kukandamiza na kuivisha, maana hapa ndipo vidonge vingi hupasuka.

Changanya unga na gundi ya PVA: myeyusho wa asilimia 5 kwenye maji, kiasi ambacho PVA kavu itakuwa kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa unga. Hapa maji hayaepukiki lakini ni kidogo na kwa dakika chache. Ponda kwenye kinu cha akiki mpaka iwe punje ndogo zinazotiririka, pitisha kwenye chekecheke. Pima kama 0.46 g kwa kidonge, kandamiza MPa 100 kwenye kalibu ya mm 12, shikilia dakika moja, achia taratibu. Ukiachia ghafla, hewa iliyobanwa inakata kidonge kama kofia, utaona ufa wa mlalo karibu na juu.

Kikiwa bado kibichi, chora alama ndogo ya mfuo kwenye ukingo upande mmoja. Utanishukuru wakati wa kutambua upande chanya na hasi.

Tanuru: nyuzi 1 kwa dakika hadi 600°C, kaa saa 2 gundi iungue itoke. Ukikimbia hapa, moshi wake unapasua kidonge kwa ndani na nje kinaonekana kizima. Kisha nyuzi 4 kwa dakika hadi 1300°C, saa 2 hadi 4, shuka polepole. Kidonge kilale juu ya unga wa BT uleule, usikilaze moja kwa moja juu ya alumina, maana kwa joto hilo vinaungana na doa la kahawia hubaki. Kitanywea kutoka mm 12 hadi karibu 10.

Pima densiti (uzito kwa kila sentimita ya ujazo) kwa njia ya Archimedes. BT kamili ni 6.02 g/cm³. Ukipata 5.7 na kuendelea, poli. Chini ya 5.6 usijisumbue, vitundu vitapiga cheche kwa ndani.

---

Kiwira88

Ahsanteni sana, hizi ni nondo. Swali la uchokozi: wenzetu Wakisi wa kule Matema wanachoma vyungu vizuri bila umeme. Tanuru la kuni haliwezi kusaidia siku umeme umekatika? Na lingine: Panda Hill iko jirani tu na ina niobiamu. KNN si ingekuwa ya nyumbani?

---

Mzee wa Uyole

Moto wa wazi wa vyungu unaridhika na 700 hadi 900°C, na moshi wake unanyang'anya oksijeni. BT ikinyimwa oksijeni inatoka ya kijivu au buluu, na inavujisha umeme kama ungo. Hata kwenye tanuru la umeme ukiona kidonge kina ubuluu, kirudishe hewani kwa 1000°C saa kadhaa, mara nyingi hurudi rangi ya maziwa.

Ya Panda: ile ni kabonatiti (mwamba wa volkano) yenye pairoklo, madini yanayobeba niobiamu. Kutoka kwenye jiwe hilo hadi niobiamu oksaidi ya usafi wa 99.9 kuna kiwanda kizima cha tindikali katikati, na hata mipango ya mgodi imekuwa ya ferroniobiamu ya kuimarisha chuma. Chuma kidogo tu kikibaki kwenye KNN, inavuja umeme ukiwa unapoli. Unga wa KNN utaununua tu kwa wauza kemikali.

Na ukiununua, jiandae. Potasiamu kaboneti inanyonya unyevu mbele ya macho yako, namba za mizani zinapanda ukiwa unaangalia. Ikaushe 200°C, ipime ikiwa bado na joto. Dirisha la kuivisha ni jembamba, 1100 hadi 1120°C. Chini yake haijaiva, juu yake inayeyuka na potasiamu inakimbia. Ndiyo maana KNN ya kawaida huishia 80 pC/N, na wale waliofika 416 mwaka 2004 walilazimika kupanga chembe zote zielekee upande mmoja tangu kwenye kuunda umbo. Ila inastahimili mtungi wa mvuke kwa upande wa joto. Kwa upande wa maji, si sana. Kidonge kisichoiva vizuri kinaachia potasiamu na sodiamu kikilowa.

---

Mama Kapasita

Nirudi kwenye cheche, maana mzee amenitaja.

Kiwira88, naamini unapaka uji wa fedha uso mzima hadi ukingoni. Ukifanya hivyo, umbali wa cheche kati ya elektrodi mbili ni unene wa kidonge tu, mm 1. Paka duara la mm 8 katikati ya kidonge cha mm 10. Sasa cheche italazimika kupita mm 1 juu, mm 1 ukingoni, mm 1 chini: jumla 3. Mabadiliko ya brashi tu, na tatizo lako karibu lote limeondoka. Safisha ukingo kwa asetoni kabla, alama ya kidole ina chumvi.

Uji wa fedha ukauke 120°C, kisha 600°C dakika 10 hadi 15. Choma pande zote mbili kabla ya kupoli, si baada. Linaonekana dogo, lakini kuna wanaopoli kwa fedha ya kupaka baridi, halafu wanachoma fedha nzuri "ili ishike". Wamefuta kazi yote.

Mzunguko wa umeme: chanzo cha kV 5, rezista ya MΩ 10 mfululizo, kidonge ndani ya mafuta ya silikoni kati ya sahani ya shaba na pini yenye springi, mita ya mikroampea upande wa ardhi. Hiyo rezista inakuokoa kidonge kikipasuka, ila ina mtego. Kidonge kikivuja µA 100, rezista inakula V 1,000. Chanzo kinaonyesha kV 3, kidonge kinaona kV 2. Watu wanalaumu unga wakati ni hesabu ya V = I × R. Soma mikroampea, toa, uandike volti halisi.

Utaratibu: mafuta 90°C kwa themokapo iliyosahihishwa kwenye barafu. Panda V 500 kwa dakika hadi kV 2.5 kwa mm 1. Mkondo utaruka kila hatua kisha utulie. Ukitulia kwenye µA moja au mbili, vizuri. Ukianza kupanda wenyewe bila wewe kuongeza, shuka haraka, kidonge kinaelekea kupasuka. Kaa dakika 30. Kisha zima jiko, acha umeme uendelee mpaka mafuta yashuke chini ya 40°C. Hapo ndipo unazima umeme.

Kuacha umeme wakati wa kupoa ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu inachosha, saa nzima au zaidi. Ukizima kwenye 90, ncha nyingi zinarudi zilikotoka, na d33 ya 150 inakuwa 70.

---

Fundi Itende

Na usalama. Kidonge kimoja cha aina hiyo ni kapasita ya karibu nF 0.8. Kwa kV 3 kinabeba kama mJ 3.4, kinauma tu. Kinachoua ni chanzo chenyewe na kapasita zake za ndani. Fimbo ya bomba la plastiki yenye waya wa ardhi uliopitia rezista ya MΩ 1, igusishe kabla ya mkono. Kifuniko chenye swichi inayokata umeme kikifunguliwa. Mkono mmoja mfukoni, na mtu wa pili chumbani.

---

Loleza_kijani

Umeme ukikatika katikati ya kupoli? Huku ni kawaida.

---

Binti Ruaha

Chanzo cha volti kubwa kinakula wati chache tu. Kiweke kwenye inveta na betri ya sola, jiko liache kwenye umeme wa kawaida. Umeme ukikatika, mafuta yanaanza kupoa huku umeme wa kupoli upo, na hivyo ndivyo tunavyotaka hata siku ya kawaida. Hakuna hasara. Kinyume chake, jiko kwenye inveta na chanzo ukutani, ni kuandaa msiba.

Kwa tanuru, hakikisha kidhibiti hakijiwashi chenyewe umeme ukirudi. Tanuru likiwa limeshuka hadi 700 halafu likapewa nguvu zote, kidonge na hata vipashio vinapata mshtuko. Lianze kwa mkono, nyuzi 4 kwa dakika, umalizie muda uliobaki.

---

Kiwira88

Mafuta ya alizeti badala ya silikoni? Bei ni mbingu na ardhi. Na mafuta ya transfoma?

---

Mama Kapasita

Alizeti ina maji na asidi za mafuta, kwa 90°C inavuja umeme na kuacha ngozi ya njano kwenye kidonge. Kwa darasa la kuonyesha, sawa. Kwa kitu cha kugusa seli, hapana. Mafuta ya transfoma kuukuu usiyaguse, mengine ya zamani yana PCB, kemikali ya sumu.

Ila silikoni nayo ina lake: haitoki kwa ethanoli wala sabuni. Kidonge kinaonekana kikavu, lakini filamu imebaki, seli hazishiki, nawe unaandika kwamba BT ni sumu kumbe ni mafuta. Osha kwa heksani mara mbili kwenye bafu la mawimbi ya sauti, dakika 5 kila moja, kisha isopropanoli, kisha ethanoli. Mawimbi ya sauti yanapasha maji, fuatilia lisivuke 40°C.

Fedha pia lazima iondoke, maana ayoni zake zinaua seli. Isugue kwa msasa wa maji namba 800 kisha 1200, polepole, maji yakitiririka. Kama kipandikizi kinahitaji elektrodi ya kudumu, weka dhahabu au platini tangu mwanzo. Waya usilehemu, ncha ya chuma cha kulehemu iko 350°C. Tumia gundi yenye fedha inayokauka chini ya 80°C na uifunike.

---

Mzee wa Uyole

Kupima. Subiri saa 24 baada ya kupoli, kwa sababu d33 inashuka haraka siku ya kwanza kisha inatulia. Mita ya d33 hutikisa kwa Hz 110. Soma sehemu tano za kila uso. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, sehemu fulani haikupoliwa.

BT nzuri itakupa 120 hadi 180. Angalia ishara pia, uso wenye hasi ndio unaovuta kalsiamu kwenye majimaji yanayofanana na ya mwili, kwa hiyo ndio unaoelekezwa kwa mfupa. Hapo ndipo mfuo wa Binti Ruaha unalipa.

Jambo la baridi. BT ina badiliko jingine la umbo karibu 5°C, na karibu na hapo d33 hupanda. Ukipima Julai alfajiri Makete au Njombe chumba kikiwa 8°C, namba itakufurahisha bure. Pima chumba kikiwa 25, na kama unaweza, kwa 37, ndiko kitakakoishi. Vidonge pia visilale usiku kwenye gari kule juu. Kuvuka 5°C kwenda na kurudi mara nyingi kunavifuta taratibu.

---

Loleza_kijani

Na asiye na mita ya d33?

---

Mama Kapasita

Jenereta ya mawimbi, rezista ya Ω 100 na osiloskopu. Kidonge cha mm 10 huitika karibu kHz 300. Tafuta masafa ambapo mkondo ni mkubwa kabisa (fr) na mdogo kabisa (fa). Mfano fr 300, fa 316: gawa 300 kwa 16, zidisha 0.395, ongeza 0.574, unapata 7.98. Gawa 1 kwa hiyo, tafuta kipeuo: kp (kipimo cha jinsi kidonge kinavyogeuza umeme kuwa mtikisiko) ni 0.35. Hiyo ni BT iliyopolika. Ukikosa mruko wowote, haikupolika kabisa. Kanuni hii inataka elektrodi uso mzima, kwa hiyo pakaza fedha ya baridi hadi ukingoni kwa kipimo tu. Ule ukingo wa mm 1 ambao haukupolika utaishusha kp kidogo.

---

Kiwira88

Nimeona mahali wanachanganya BT na haidroksiapataiti (madini ya mfupa) ili mfupa ushike zaidi. Vipi kupoli mchanganyiko huo?

---

Fundi Itende

Umeme unakwenda kusikotakiwa. BT ina pemitivi (uwezo wa kuhifadhi umeme) ya 1,700 hivi, apataiti kama 15. Ukiweka kV 2.5 juu ya mchanganyiko, karibu zote zinaangukia kwenye apataiti na BT inabaki usingizini. Hata apataiti ya asilimia 10 tu inaishusha d33 vibaya. Bora BT safi ndani na apataiti kama ngozi nyembamba juu, iwekwe baada ya kupoli kwa njia baridi ya majimaji.

Na kabla ndoto hazijaenda mbali: seli kwanza, kwa ISO 10993 (kiwango cha kupima usalama wa vifaa vinavyogusa mwili). Mnyama na mtu ni kibali cha maadili, na kifaa chenyewe ni TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba).

---

Binti Ruaha

Sahihisho kwa niliyoandika juu kuhusu MPa 100, nimeona mtu kaniuliza faraghani. Hiyo ni juu ya unga, si kwenye geji. Kwa kalibu ya mm 12 ni nguvu ya kN 11.3, yaani tani 1.15. Geji ya jeki inasoma mafuta: kama pistoni yake ni mm 40, utasoma bari 90. Ukiipeleka geji hadi bari 1,000 ukidhani ndiyo MPa 100, unaweka zaidi ya MPa 1,100 juu ya unga na kalibu inapasuka.

---

Kiwira88

Ndaga fijo wote. Pistoni ni mm 50, kwa hiyo bari 58?

---

Binti Ruaha

Ndiyo, 57.6. Na vaa miwani.